Na Mama Hadi Ukingoni mwa Nalubaale

Tulipovuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda, Mama aliniambia jambo moja tu: "Nataka nilishike ziwa kwa upande wa huku." Alizaliwa Bukoba, amekua akisikia mawimbi ya ziwa hilihili la Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, lakini tangu kiharusi kimkamate miaka mitatu iliyopita, ufukwe amekuwa akiutazama kwa mbali. Kiti cha magurudumu na mchanga havipatani.

Tulilala Kampala kwa dada yangu, asubuhi tukashuka Entebbe. Niliichagua Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, kwa sababu moja: njia yake kuu ni pana, hata gari linapita, na inateremka polepole kuelekea majini. Getini mlinzi alimwinamia, akamsalimu kwa Kiganda: "Wasuze otya nno, nnyabo?" Mama akamjibu kwa Kihaya, wakaelewana vya kutosha kucheka pamoja.

Njia ni ya udongo ulioshindiliwa, na siku ile ilikuwa kavu. Mvua ikinyesha nisingethubutu. Tulikwenda taratibu chini ya miti mikubwa, mpaka matawi yakatikisika juu yetu. Mbega! Sasa, aliyekaa kwenye kiti hawezi kuinua shingo muda mrefu, hasa mtu wa kiharusi. Nikakilaza kiti nyuma kikasimama kwa magurudumu makubwa tu, mgongo wake ukaegemea tumbo langu, na Mama akawa anatazama juu moja kwa moja. Mbega mmoja alikaa kwenye tawi, mkia wake wenye kishungi cheupe ukining'inia, akitafuna majani. Mikono ilianza kunitetemeka. "Bado," Mama akasema. Nikavumilia.

Hatua za mwisho ni nyasi. Magurudumu madogo ya mbele yalizama mara moja, na ukilazimisha kusukuma unaweza kummwaga mtu. Geuza kiti, kivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Ndivyo tulivyofika, Mama akiwa amelipa ziwa kisogo. Nilipomgeuza alinyamaza kabisa. Mwaka 2020 maji yalipanda hapa Entebbe yakafunika fukwe nyingi. Siku ile yalikuwa yametulia, mdiria mmoja akipigapiga mabawa juu yake kabla ya kujitupa kuvua.

Nilifunga breki, nikaweka jiwe mbele ya kila gurudumu. Kutoka pale mkono wake haukufika majini, basi nikachota kwa chupa. Nilitaka kummiminia mkono wa kushoto, ule mzima. Akaurudisha kifuani, akanionyesha wa kulia kwa kidevu. Nikamimina. Tuliutazama mkono ule wote wawili. Kisha nikaukausha kwa kanga, kwa sababu ya kichocho, na yeye akanikemea kwamba ameoga ziwa hili miaka yote ya utoto wake.

Kurudi ni mlima, mdogo lakini mlima. Nendeni watu wawili. Kilichoniudhi kilikuwa nje ya bustani: mgahawa tulioutaka una ngazi tatu mlangoni, na Uganda ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inayodai majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Tukanunua chapati na mayai barabarani, tukala kivulini, kanga bado imelowa magotini pake.