Siku yangu kwenye shamba la sifongo, Jambiani, Zanzibar

Saa 11 alfajiri. Swala, kisha chai ya rangi na kipande cha mkate wa kumimina. Leo bamvua: maji yatakupwa sawasawa kwenye saa 4, hivyo sina pupa. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, ndizo zinazotutesa, tunaogelea hadi mikono inakufa ganzi.

Saa 2 asubuhi. Maji yanatoka nasi tunayafuata. Tunawapita wenzetu wa mwani wamekwishainama. Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani hii mwaka 1989 na umesomesha watoto wengi, lakini mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, haustahimili joto la bahari la siku hizi.

“Mmeamkaje? Mnakwenda kuwasugua wagonjwa wenu?” Kila siku utani huohuo.

Saa 3 na nusu. Maji ya kifua. Navaa miwani, nashika brashi. Sifongo zimetungwa kwenye kamba kama mishikaki, nyeusi, zinateleza. Huyu ni mnyama jamani, si mmea! Hana mdomo wala moyo. Anavuta maji kwa vitundu vidogo mno, anachuja bakteria ndiyo chakula chake, halafu anayatoa kwa matundu makubwa unayoyaona kwa macho. Majani yakimwotea juu, vitundu vinaziba. Basi nasugua, taratibu, kamba baada ya kamba. Kazi yote hasa ni hiyo.

Saa 5. Mbegu. Nakata kipande kwa kisu kikali, humohumo majini, maana hewa ikiingia kwenye vitundu inaweza kumuua. Jeraha linaziba lenyewe; kipande nacho kinakua kivyake.

Saa 7. Maji yanajaa, tunarudi. Wali, mchuzi wa changu, usingizi kidogo.

Saa 9 alasiri. Kuosha zilizovunwa. Hapa usije na manukato yako: nyama imeshaoza, harufu inaingia hadi kwenye mtandio. Nasuuza, nakamua, nasuuza tena, mpaka ule ute wote utoke zibaki nyuzi tupu, laini. Nazipunguza kwa mkasi, naanika.

Saa 11 jioni. Mtalii anaminya moja, anainusa, anauliza ni mmea gani. Mtoto wa jirani anamjibu kabla yangu, kwa Kiingereza kichanga: mnyama! Mgeni anaiachia upesi. Anacheka, anaiokota, anauliza bei, alipe dola au shilingi.

Shilingi, mwanangu. Kesho nanunua kamba.