Nilivyochagua hashi ya kuhakiki kaseti za ami

Simu ya mtoto wa ami ilitoka Mombasa baada ya isha. "Kaka, ile kasida inakwaruza katikati. Kanda ndiyo mbovu, ama ni wewe?"

Sikuwa na jibu. Ami yangu hapa Lamu ana kaseti mia tatu hivi za maulidi na mawaidha, zimejaa sanduku la mbao chini ya kitanda. Nilikuwa nimezigeuza kuwa faili za sauti za WAV, na kwa vile kaseti ya dakika 60 hula kama MB 635, jumla ilikaribia GB 190. Diski ilivuka kwa boti hadi Mokowe, ikaingia basi, ikamfikia mtoto wa ami. Niliicheza ile kaseti: safi. Faili iliyobaki kwenye laptopu yangu nayo safi. Basi iliharibika wakati wa kukopi, au njiani? Hakuna wa kunishuhudilia.

Ndipo nikaanza kuhangaika na hashi. Programu huisoma faili yote na kutoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Ikigeuka hata biti moja, mfuatano unaotoka ni mwingine kabisa. Shida ni kwamba hashi ziko nyingi.

CRC32, ile inayotumika ndani ya ZIP, hutoa herufi 8 tu. Kwa ajali ndogo za waya si mbaya, lakini mtu akitaka kuidanganya haimchukui muda. MD5 ya Ronald Rivest, ya mwaka 1992, hutoa 32. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha data mbili tofauti zenye MD5 moja. SHA-1 ikafuata: Februari 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 ile ile.

Hapo wengi huona MD5 ni ya kutupwa. Mimi sioni hivyo. Chumvi ya bahari haina hila, wala waya mbovu haukai chini kutafuta faili ya pili yenye hashi sawa. Kwa kuharibika tu, MD5 ingenitosha. Ila hizi ni sauti za wazee, na siku moja mtu anaweza kudai fulani amekata maneno ya mawaidha. Hapo simhofii waya tena, namhofia binadamu. Nikachukua SHA-256, hashi ambayo bado hakuna anayejulikana kuidanganya.

Laptopu yangu ni kongwe, nikaogopa itakesha. Kumbe diski yenyewe husoma kama MB 100 kwa sekunde. Nusu saa na ushei kazi imekwisha, MD5 au SHA-256, kwa sababu prosesa inaisubiri diski. BLAKE3, hashi nyingine mpya, ina kasi zaidi, lakini ingebidi mtoto wa ami aweke programu mpya. SHA-256 anayo tayari: certutil kwenye Windows, sha256sum kwenye Linux.

Ami alichungulia skrini. "Mwanangu, hiyo ni hirizi?"

Lakini kilichonifunza zaidi hakikuwa hashi. Usiku mmoja nilikopi kaseti sita kwenye diski mpya, nikahakiki papo hapo: zote OK. Asubuhi nikaichomeka tena, nikarudia kwa wasiwasi tu, na moja ikagoma. Usiku ule kompyuta haikuisoma diski hata kidogo. Faili zilikuwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, baada ya kukopi, ikazisoma humo humo. Tangu siku hiyo naitoa diski, nachomoa waya, nachomeka upya, ndipo nahakiki. Ule waya nimeutupa.

Orodha ya hashi siiachi ndani ya diski peke yake, maana anayeweza kugeuza faili anaweza kugeuza na orodha. Nilimtumia mtoto wa ami kwa WhatsApp kabla diski haijapanda boti.

Wiki ile ile akapiga tena. "Kaka, zote sawa ila moja."

Nikamuuliza alichoifanya. Akasita. Alikuwa ameifungua kwenye programu ya muziki, akaandika jina la msomaji ndani ya faili, kisha akahifadhi. Sauti haikuguswa hata kidogo. Nikamwambia airudishe ya mwanzo, na jina aliandike kwenye daftari.