Fimbo ya Mikato

Mvua ilianza saa sita mchana, na hadi jioni ilikuwa haijapumua. Nyuma ya nyumba yetu palipita kijito ambacho siku za kawaida unakivuka bila kulowa magoti. Saa kumi nilichukua fimbo, nikaichonga mikato kila baada ya kiganja kimoja, nikaikita ukingoni.

Nilikuwa na miaka 23, nimebaki peke yangu na Bibi, na miguu yake ilikuwa imeanza kumgomea. Hilo lilinitia hofu kuliko maji yenyewe. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake, sembuse Bibi, ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni alitumia dakika nzima.

Vyeti, kadi zake za hospitali na hati ya nyumba nilivitia kwenye mfuko wa plastiki, nikautia ndani ya mwingine, nikakaza kwa mpira. Dawa zake za presha niliziweka kwenye koti nililovaa, maana begi husahaulika. Tundu la bafuni nililiziba kwa matambara, nikalaza tofali juu. Maji ya mafuriko mara nyingi hurudi kwa njia ya bomba kabla hayajabisha hodi mlangoni.

Saa moja usiku mvua ikakatika ghafla. Bibi akashusha pumzi.

"Mjukuu wangu, imekwisha. Nivue viatu."

Nilitoka na tochi. Mikato mitano niliyoiacha juu ya maji ilikuwa imebaki miwili. Maji yamegeuka rangi ya udongo na yanaburuta matawi yenye majani mabichi kabisa, yaani yamekwanyuliwa muda si mrefu, huko juu. Kwetu anga lilikuwa kimya, lakini vilimani radi zilikuwa bado zinamulika. Mvua ya huko ilikuwa njiani kutufikia. Nikatazama tena fimbo: umebaki mkato mmoja.

"Bibi, usivue. Tunaondoka."

"Usiku huu? Na mvua imeacha?"

"Ndiyo, Bibi. Sasa hivi njia inapitika."

Nilizima swichi kubwa ya umeme sakafu ikiwa bado kavu, nikafunga mtungi wa gesi, nikamshika mkono. Alitaka tupite darajani, ndiko karibu. Nilikataa. Daraja likishafunikwa na maji, huwezi kujua kama bado lipo. Tukapanda njia ya juu, ndefu, akilalamika kila hatua, na mimi nikigonga kila mlango tulioupita.

Tulikuwa tumekaa kibarazani kwa jirani wa mlimani, hata nusu saa haijatimia, tukausikia: mngurumo kama wa lori zito linalokuja na halifiki. Bibi akanishika mkono, hakuuachia hadi kulipokucha.

Maji yalipopungua nilitangulia kuingia, nimevaa mabuti na glavu, kwa kuwa maji yale yalikuwa yamechanganyika na ya vyooni. Fimbo haikuwepo. Ukutani, juu ya kitanda cha Bibi, tope lilikuwa limechora mstari ulionyooka. Naye akaja taratibu hadi mlangoni, akausogelea, akapima kwa mkono: ulimfika kifuani.

Akaomba kiti.