Bahasha Iliyoandikwa MUHIMU

Hii ni wiki ya sita namtangaza baba kuwa amefariki. Ndugu na majirani walijua siku ileile, ila ofisi hazipelekewi habari na mtu. Kila moja uifuate, upange foleni, uanze upya: "Nimekuja kutoa taarifa ya kifo." Mara ya kwanza sauti ilinikatika. Mara ya saba niliitamka kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, na nilipotoka nje nikaona aibu.

Baba alikuwa na bahasha ya kaki iliyoandikwa MUHIMU kwa kalamu nyekundu. Tukaifungua kwa heshima zote. Ndani: waranti ya redio iliyokufa kabla sijaanza shule, risiti zilizofifia na ufunguo usio na kufuli. Hati ya bima tuliikuta kwenye droo ya cherehani ya mama, imetumika kufungia vifungo vya shati.

Cheti cha kifo nilichukua nakala tatu zilizothibitishwa nikajiona mjanja. Hazikufika mbali. Benki wanataka yao, bima yao, mfuko wa pensheni yao, na hakuna anayekubali fotokopi ya kawaida. Tena jina. Karani aliweka kitambulisho na cheti sambamba, akaburuta kidole herufi kwa herufi, kikasimama mwishoni: kimoja kina "i", kingine hakina. Kwa herufi hiyo moja ikabidi niape kwa maandishi kwamba watu hao wawili ni baba yangu mmoja.

Mwezi uliofuata pensheni iliingia kama kawaida. Mdogo wangu akasema tuitoe haraka tulipe madeni ya msiba. Nilikataa, tukanuniana siku mbili. Pesa inayoingia baada ya mtu kufa huja kudaiwa, na anayedaiwa ni aliye hai. Tulipotoa taarifa, akaunti ikafungwa mpaka msimamizi wa mirathi atambuliwe rasmi. Bili zilizokuwa zikijilipa zenyewe humo nazo zikakwama, jambo ambalo hatukulifikiria hata kidogo.

Kwingine dada mmoja wa kaunta, cheti kikiwa mbele yake, aliniuliza, "Mwenyewe hawezi kuja kusaini?"

"Hawezi."

Akatazama karatasi, akaziba mdomo. "Nisamehe kaka, nimezoea kuuliza." Nilicheka. Baba angecheka zaidi.

Mimi nilitaka laini yake ya simu iwe ya kwanza kufungwa. Dada yangu ndiye aliyenizuia: namba za uthibitisho za karibu kila kitu zinatumwa humo. Kwa hiyo simu ya baba ipo mezani kwangu, kwenye chaji.

Jana usiku ikaingia meseji: laini haijatumika muda mrefu, itafungwa. Nikaiwekea salio, nikapiga namba ya kwanza iliyonijia kichwani, yangu mwenyewe. Simu yangu ikaita chumba cha pili. Nikaenda kuichukua, kioo kimeandika: Baba.