Safu ya Mashahidi

Nilipokuwa naishi Aberdeen nilijitolea kunakili madaftari ya majina ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, yale yaliyojazwa na wapimaji wa karne ya 19 walipokuwa wakichora ramani ya Uskoti. Picha za kurasa ziliwekwa mtandaoni, nasi tukachapa maandishi yake ili watu waweze kuyatafuta. Kila ukurasa una safu zake: jina, namna mbalimbali za kuliandika, shahidi aliyelithibitisha, mahali palipo, maelezo. Mwandiko umelala, wino umefifia, na hapa na pale jina limekatwa, jingine likaandikwa juu yake.

Kiangazi kimoja nikafuatana na mama mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, ambaye Kigaeli, lugha ya asili ya milima na visiwa vya Uskoti, ndiyo lugha aliyoinyonya kwa mamaye, tukaenda milima ya Cairngorm. Tulianzia Linn of Dee, tukapita Derry Lodge, hadi Corrour, kibanda cha mawe kilicho chini ya mlima ambao kwa Kiingereza huitwa The Devil's Point. Mvua ikatufungia ndani. Nikatandaza ramani magotini, yeye akawa anasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine.

Alipofika Cairn Toul akachukua penseli akaandika pembeni: Càrn an t-Sabhail, mlima wa ghala. Akalitamka tena polepole. Ile “s” haisikiki kabisa, “bh” inamezwa, linalobaki mdomoni ni kama “tauwal”. Hapo nikamwona mpimaji, mgeni wa lugha, amesimama na daftari lake anaandika alichosikia: Toul. Na ule mlima uliokuwa juu ya vichwa vyetu ni Bod an Deamhain, uume wa shetani. Mama alilitaja bila kupepesa macho. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria alipouliza maana yake, mtumishi wake John Brown aliona haya, akampa tafsiri ya adabu.

Nikamweleza habari iliyokuwa ikinikera tangu niisome: maagizo ya mwaka 1905 kwa wapimaji wa Ordnance Survey. Yalisema waulizwe watu wenye hadhi. Wakulima wadogo na wakaaji wa vibanda wasitegemewe, hata kwa majina ya mahali wanapoishi wenyewe, hasa kuhusu tahajia.

Alikasirika kweli. “Baba yangu alikuwa na kipande cha ardhi na ng'ombe wawili,” akasema. “Kila mwamba pale aliujua kwa jina. Angeulizwa nani mwingine?”

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa ndivyo ninavyoamini. Kule juu mwenye ardhi huja msimu wa kuwinda kulungu, kisha huondoka. Anayezunguka miaka yote ni mchunga kondoo na mlinzi wa kulungu. Ugumu wenyewe ulianza kitambo. Timothy Pont alitembea Uskoti miaka ya 1580 na 1590 akichora ramani na kuandika majina kwa tahajia ya Kiskoti, si ya Kigaeli. Kisha wakaja askari wa William Roy kuchora ramani ya jeshi, kati ya 1747 na 1755, mara tu baada ya Waskoti wa milimani kuchapwa na jeshi la serikali kwenye vita vya Culloden mwaka 1746. Ukiwa umechomewa nyumba na jeshi, utamweleza askari malisho yako yanaitwaje?

Kwa bonde lile la mto Dee, tulikopita, bahati ilikuwepo. Adam Watson na Elizabeth Allan waliwafuata wazee wenyewe, wakakusanya majina yao na kuyachapisha mwaka 1984. Mwaka huohuo alifariki mtu wa mwisho aliyekua akizungumza Kigaeli cha huko.

Mvua ilikatika alasiri. Juma lile nikarudi kwenye kunakili, na tangu hapo safu ya mashahidi ndiyo niliyoisoma kwanza. Nikikuta kasisi au mwenye shamba, nachapa nasonga mbele. Nikikuta mchunga kondoo, narudia kila herufi ya jina lake hadi niridhike nimeipata.