Siku moja maishani mwangu: dereva wa IST na hesabu ya lita

Leo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya za mafuta. Sisi madereva wa teksi mtandao hapa Dar tunaisubiri kama watu wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Na kila bei inapobadilika naulizwa swali lilelile: "Kaka, hiyo IST yako unaifanyaje mpaka inakula kidogo hivyo?" Basi nimeamua kuiandika siku yangu nzima. Gari lenyewe ni la kawaida kabisa, Toyota IST yenye injini ya 2NZ, cc 1,298, gia otomatiki, halijafungwa kifaa chochote cha ajabu.

Saa 10:30 alfajiri

Nakaa Kimara. Kabla sijawasha gari, natoa geji na kupima upepo wa matairi yote manne. Saa hizi matairi ni ya baridi, na hapo ndipo kipimo kinasema kweli. Ukipima mchana baada ya kuzunguka mjini, hewa ya ndani imepata joto na geji inakupa namba kubwa. Unaona uko vizuri kumbe umepungukiwa. Kibandiko cha upepo kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka, na zimeandikwa kwa kPa, kipimo cha upepo tofauti na PSI ya kwenye geji zetu: 220 ni kama PSI 32, 230 ni PSI 33 na kitu. Mimi naongeza PSI mbili juu ya kibandiko, sizidishi hapo, kwa sababu tairi gumu kupita kiasi linalika katikati na linateleza kwenye mvua. Lenye upepo mdogo nalo linajikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja unakulipia wewe kwa petroli.

Kwenye buti namo kuna tairi la akiba, jeki, pembetatu na kizima moto, basi. Ndoo, madumu na viatu vya mpira vimeshabaki nyumbani.

Saa 11 alfajiri

Simu imelia: mama mmoja na mabegi yake, anawahi ndege. Nimewasha, nimesubiri kama nusu dakika oili ipande, nikaondoka taratibu. Kuacha gari likiunguruma dakika kumi "lipate moto" ni kuchoma mafuta bure, maana injini ya EFI, yaani ile ambayo kompyuta ndiyo inapima petroli ya kuingia, inapata joto haraka zaidi ikitembea polepole kuliko ikisimama.

Kutoka Kimara mpaka Ubungo barabara inashuka, na alfajiri haina foleni. Mteremko huu naupenda sana. Madereva wengi wakifika hapa wanaweka free, yaani wanatoa gia (N), wakiamini wanaokoa. Ukweli uko kinyume. Ukiachia pedali ya mafuta kabisa gari likiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, kompyuta inaona mguu hauko kwenye pedali na magurudumu yanaizungusha injini yenyewe, hivyo inafunga nozeli, vile vijibomba vinavyopuliza petroli kwenye injini. Hakuna petroli inayoingia mpaka mzunguko ushuke karibu na silensa, ule wa injini inayounguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiweka free, magurudumu yameachana na injini, na nozeli lazima zimwage mafuta ili injini isizime. Zaidi ya hapo, umejinyima nguvu ya injini ya kukushikilia, breki peke yake ndiyo inafanya kazi, nyuma umebeba mama wa watu. Mimi hili silifanyii mjadala.

Nimepita chini ya Daraja la Kijazi, nikashika Barabara ya Mandela mpaka Tazara, kisha ya Nyerere hadi uwanja wa ndege. Mama kashuka na muda wake umebaki.

Saa 1 asubuhi

Sasa foleni. Hapa ndipo mafuta yanapoishia, kwa hiyo naomba nikae kidogo.

Chukua IST yenye watu wawili ndani, kama kilo 1,150 kwa ujumla. Kuifikisha kilomita 60 kwa saa kunahitaji nishati ya kama kilojuli 160. Injini ya petroli inageuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, nyingine inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Ukipiga hesabu, kila unapofika 60 umetumia kama mililita 20 za petroli kujenga ule mwendo. Vijiko vinne vya chai. Ukikanyaga breki mpaka kusimama, vijiko vyote vinne vimegeuka joto kwenye diski. Fanya hivyo mara hamsini, lita nzima imekwenda, na hujaongeza hata hatua moja. Lakini ukiishia 30 badala ya 60, unapoteza robo yake tu, mililita tano, kwa sababu nishati inakua kwa mraba wa mwendo.

Kwa hiyo mimi macho yangu hayako kwenye gari la mbele. Yako magari matano mbele. Nikiona taa nyekundu zinawaka kule, naachia mafuta mapema, gari lijishukie lenyewe. Mara nyingi nikifika pale, foleni imeshaanza kusogea na mimi bado natembea kwa 15 au 20, sijasimama. Gari linalotembea polepole bila kusimama linakula kidogo kuliko linaloruka na kugonga breki, ingawa yote mawili yanafika taa za Buguruni kwa wakati mmoja.

Abiria wa saa hizi, kijana wa ofisini, hakuvumilia. "Kaka, mbona unawaachia nafasi, wanaingia wote!" Nikamwambia, "Ndugu yangu, ile Noah nyeupe iliyotupita kwa fujo pale nyuma, iko wapi?" Ilikuwa magari mawili mbele yetu, imesimama. Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Bodaboda wanaingia kwenye ile nafasi, ni kweli, lakini wanaingia na kutoka, hawakuchelewesha.

Trafiki wakituzuia kwa muda mrefu, kama leo pale Ubungo, nazima injini. IST iliyosimama inakula kama nusu lita kwa saa, na AC ikiwaka inazidi. Si nyingi ukiitazama mara moja, ila kwa siku ya Dar unaweza kusimama saa mbili nzima ukijumlisha vipande vyake.

Saa 4 asubuhi

Sheli. Najaza fulu tenki kila mara, kituo kilekile, pampu ileile, na bomba likijikata lenyewe namwambia dada wa pampu asiongeze. Hiyo ndiyo njia pekee ya kujua gari lako linakula nini: fulu hadi fulu, kilomita ugawanye kwa lita. Anayeweka mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kujua chochote, atabaki anakisia kwa mshale. Leo: kilomita 412, lita 27.1. Inakuja kilomita 15.2 kwa lita, karibu zote za mjini.

Pale pale kuna jamaa anauza sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, eti zinapunguza ulaji kwa theluthi. Wenzangu tafadhali. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limepima vifaa zaidi ya mia moja vya namna hiyo kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote. Hiyo pesa nunua geji ya upepo.

Saa 6 mchana

Nimepita Sinza kwa fundi wangu, mzee ambaye injini za NZ anazijua kwa kusikiliza. Nimemkuta dereva mwenzetu, kijana, ana IST kama yangu, amekata tamaa. "Kaka, linanipa kilomita tisa kwa lita. Nimebadilisha plagi, nimeosha nozeli, nimeweka eya klina mpya, wapi!"

Eya klina niliseme kidogo. Kwenye gari la EFI, ikiwa chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli kulingana nayo. Ibadilishe kwa wakati wake, lakini usitegemee ikurudishie kilomita sita.

Fundi hakugusa plagi. Kachomeka mashine ya kupimia, akasema, "Twende barabarani." Tumekwenda Shekilango na kurudi, yeye macho kwenye mstari wa joto la maji. Nyuzi 64. 66. Barabara ilipofunguka na gari likapata upepo, ikashuka 61. Akaifunga mashine. "Hili limetolewa themostati, baba."

Huu ni ugonjwa wa gereji zetu, na unaniuma kwa sababu unawala watu pesa kila siku bila wao kujua. Themostati ni kifaa kidogo cha chuma, kinaenea kiganjani, chenye springi na nta ndani. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, nta inatanuka na kukifungua. Fundi akikitoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limeamka, inaendelea kuongeza petroli. Oili nayo inabaki nzito. Wanaotoa wanasema nchi yetu ni ya joto, haihitaji. Joto la Dar ni nyuzi 30 na kitu. Injini inataka 80 na zaidi. Na gari linalochemsha lina tatizo jingine: rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka. Kutoa themostati hakutibu hata moja kati ya hayo.

Haikuishia hapo. Fundi alisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kushoto, akaniita na mimi nijaribu. Ilikuwa inatoa joto la pasi, na ya kulia ni ya vuguvugu tu. Tukainyanyua kwa jeki, nikalizungusha gurudumu kwa mkono: nusu mzunguko, likagoma. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, zilikuwa zimekauka na kushika kutu, pedi hazirudi, gari linatembea huku limefunga breki. Akazitoa, akazipiga msasa, akapaka grisi maalumu ya breki, maana ile ya kawaida inavimbisha mpira. Mara hii gurudumu lilizunguka hadi nikalisimamisha mwenyewe.

Na kwenye dashibodi kitaa cha O/D OFF kilikuwa kinawaka. Kijana alidhani ni mapambo. Kile kitaa maana yake gia ya nne umeizuia. Nje ya mji injini inazunguka juu bila sababu. Kitufe kiko ubavuni mwa mkono wa gia, bonyeza mara moja.

Saa 9 alasiri

Jua. Gari naegesha kivulini hata kama ni mbali kidogo. Abiria akiingia nafungua vioo vyote dakika mbili tatu hewa ya moto itoke, ndipo nafunga na kuwasha AC, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani nakibonyeza ili kompresa isipambane na joto la nje. Abiria hawezi kutoka jasho ili mimi niokoe mafuta, kalipia huduma. Nikiwa peke yangu mjini, vioo wazi. Nikipata safari ya Kibaha, vioo nafunga, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa upepo unaoingia unalivuta gari nyuma. Na Kibaha naenda kwa 80. Kutoka 80 kwenda 100, ukinzani wa hewa unapanda kwa zaidi ya nusu, na muda unaookoa utaumaliza kwenye foleni ya Mbezi.

Saa 11 jioni

Kilomita inayokula kuliko zote ni ile usiyolipwa. Programu inaniitia abiria aliye kilomita nne kutoka nilipo, safari yenyewe kilomita tatu: nakataa. Jioni najisogeza Kijitonyama na Mwenge, naegesha, nazima, nasubiri. Kuna wanaozunguka wakitafuta bahati, wakirudi nyumbani wametembea tupu kilomita hamsini.

Saa 3 usiku

Daftari. Siku kama ya leo ni kilomita 180 hivi. Kwa gari la kilomita 10 kwa lita, hizo ni lita 18. Kwa 15 ni lita 12. Ikiwa lita ni shilingi 2,900, tofauti ni 17,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 452,400. Kwa wengi wetu hiyo inatosha rejesho la mkopo wa gari.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sijafunga gesi asilia. Nitafunga, vituo vikiongezeka na foleni zake zikipungua. Mpaka hapo naendelea na petroli.

Kijana wa mchana kanitumia ujumbe: kesho asubuhi anakwenda Gerezani kutafuta themostati. Nimemjibu achague iliyogongwa 82 kwenye bati lake, fundi aifunge mahali pake huku ile valvu yake ndogo ya kutoa hewa ikiwa upande wa juu, wajaze kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba, kisha watoe hewa yote kabla hajaondoka gerejini. Halafu ajaze fulu tenki, arudishe sifuri tripu, kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, aanze kuhesabu.