Chelo, taarabu na wanafunzi wangu wadogo
Jana usiku tulipiga taarabu Ngome Kongwe, leo asubuhi nipo darasani na watoto. Ndiyo kazi yangu hapa Unguja, na naipenda kwa moyo wote.

Watu humtazama mwimbaji, kisha kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa, na fidla. Chelo, ile ala kama fidla kubwa inayopigwa kwa upinde mpigaji akiwa ameketi, inashika sauti nzito pamoja na besi. Ikikosekana, wimbo unapwaya.

Watoto naanza nao na chelo ndogo, za saizi ya robo au nusu, maana mkono wa mtoto wa miaka 7 haufiki kwenye ile kubwa. Nyuzi ni nne tu: do, sol, re, la. Shingo yake haina vigawanyo kama gitaa, hivyo sikio ndilo linaloongoza kidole. Kwetu hiyo ni neema! Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Bayati na Rast yana sauti za katikati ambazo piano ya kawaida haina. Mtoto aliyekulia kwenye adhana na kasida huzishika kabla sijamaliza kueleza.

Unyevu wa bahari unatusumbua: gundi huachia, nyuzi hupoteza sauti. Kipindi kikiisha, kwanza wanalegeza upinde na kufuta vumbi la ulimbo unaopakwa kwenye upinde, ndipo wakacheze.

Mwenye chelo ndogo asiyoitumia, hata iliyoachia gundi, tafadhali aniandikie. Watoto wanapokezana.